Nilipoandika Moyo

2 Novemba 1927

Mvua milimita tisa. Waliozaliwa wawili. Waliokufa hakuna.

Ndivyo nilivyoandika kazini leo, na ndivyo ninavyoandika kila siku, mwaka wa saba sasa. Mimi ni Ralaivao, karani wa vizazi na vifo wa mtaa wa Ambanivolo, hapa bondeni Antananarivo. Kila asubuhi naanza na kipimo cha mvua kilichosimama uani, ndipo nafungua daftari. Mkuu wetu, Mfaransa, anataka vyote vikae ukurasa mmoja: mvua, watoto, maiti, na kilichowaua. Anasema katika mitaa yote ya bondeni hakuna mwenye mwandiko kama wangu. Ni kweli, na sioni haya kuyasema hapa.

Daftari hili dogo ni langu. Lile la kazini halina nafasi ya porojo.

Mke wangu Bakoly ana mimba ya miezi sita. Aliponiona nachovya kalamu nyumbani aliniuliza, "Umeshaanza kumwandika kabla hajafika? Mwache angalau aje na habari zake mwenyewe."

5 Novemba

Mvua hakuna. Amezaliwa mmoja. Amekufa mmoja, uzee. Ratovo alikwenda kumdunga.

Tangu tauni ilipopanda milimani kwa reli kutoka pwani, miaka sita iliyopita, amri ni hiyo: msimu wa mvua maiti hazikwi mpaka achomwe sindano, na kilichotoka kitazamwe maabara. Kikionekana cha tauni, haendi kwenye kaburi la ukoo wake. Anapelekwa kwenye uwanja wa chokaa nyuma ya kilima, anazikwa peke yake, na juu yake kigingi chenye namba. Anayesalimika na sindano ni yule tu ambaye karani ameandika kwamba alikuwa na ugonjwa wa zamani unaojulikana, mashahidi wawili wakiwepo. Hapo mwenye sindano anaweza kuridhika akaenda zake.

Mwenye sindano wa mtaa wetu ndiye huyo Ratovo. Watoto wanamwita Sindano na kukimbia. Wanawake wanamwaga maji ya vyombo mlangoni akishapita. Mimi humwamkia kwa kichwa. Mkono simpi.

9 Novemba

Mvua milimita ishirini na mbili, pamoja na ya mawe. Waliozaliwa hakuna. Waliokufa hakuna.

Ratovo aliingia ofisini mbio, mkoba wa sindano kaufanya kofia. Sikumkaribisha kiti, akakaa.

"Bwana karani, leo hakuna aliyekuja wala aliyeondoka," alisema. "Wewe na mimi tunakula mshahara wa bure."

"Mimi nimepima mvua."

"Ya mawe unaipimaje?"

"Nangoja iyeyuke."

"Una raha wewe. Kazi yangu nikiingoja iyeyuke nashtakiwa."

Nilicheka kabla sijajizuia. Kumbe mkobani, chini ya sindano zake, ana ubao wa fanorona na kokoto nyeusi na nyeupe. Tulicheza mpaka mvua ikakatika. Alinifunga mara mbili. Wakati wa kuagana nilijifanya nina wino mkononi.

12 Novemba

Mvua thelathini na moja. Wamezaliwa watatu. Hakuna aliyekufa.

Baba mmoja alitaka mwanawe aandikwe Panya, ili maovu yasimtamani. Nikamwambia, "Mzee, mwaka huu jina hilo litakuletea wakaguzi nyumbani." Tukakubaliana Nguruwe.

20 Novemba

Mvua kumi na nne. Mmoja na mmoja.

Mama mkwe amehamia kwetu mpaka Bakoly ajifungue. Jina lake Rasendra, na kazi yake ni kufuma sanda za hariri, zile nyekundu za wakubwa. Kitanda chake cha kufumia tumekipandisha ghorofani. Amekuja pia na sanduku, na ndani ya sanduku mna sanda yake mwenyewe, ambayo ameifuma tangu mume wake alipofariki, miaka kumi na tisa, na bado haijaisha.

Nilimtania. "Mama, za wenzako unamaliza kwa mwezi. Yako imekuwaje?"

"Mkwe wangu, nikiimaliza nitafanya nini tena kama si kufa? Kila mwaka naongeza vidole viwili. Namtania naye kule ananingoja."

Mume wake yuko kwenye kaburi la ukoo, ng'ambo ya mto Ikopa, mwendo wa nusu siku. Kila baada ya miaka michache ukoo huwatoa wafu wao, huwavika sanda mpya, huwabeba mabegani kwa ngoma na kuwarudisha. Rasendra husema mume wake amekuwa mwepesi siku hizi. Yeye atalazwa upande wa kushoto wa mumewe. Mahali hapo anapazungumzia kama mtu anavyozungumzia kitanda chake.

26 Novemba

Mvua hakuna. Ratovo na fanorona. Nimemfunga moja.

3 Desemba

Mvua arobaini na nane. Waliozaliwa wawili. Waliokufa wawili, watoto, kuhara.

Mashamba ya mpunga yote yamegeuka ziwa. Panya wanapanda majumbani. Kwa jirani wameokota wanne ghalani, wamekufa bila kuguswa na paka.

11 Desemba

Mvua thelathini na saba. Aliyezaliwa hakuna. Amekufa mmoja: tauni. Ndiyo ya kwanza msimu huu.

Ilikuwa hivi. Mchana kweupe ilitokea darajani machela ya kiti, wapagazi wanne, na juu yake mzee kakaa wima na kofia yake ya majani, shuka imemfunika mpaka kidevuni. Wanawe wawili wanatembea kando wakizungumza naye. Ratovo alikuwa zamu pale na askari.

"Shikamoo mzee. Habari za safari?" akamwamkia.

"Baba hasikii vizuri," mwana mkubwa akajibu.

"Basi nitamwamkia kwa mkono." Akaushika mkono. Ulikuwa umeshakauka.

Wale vijana walipiga magoti kwenye matope. Walimwambia wako tayari kufungwa, wako tayari nyumba ichomwe, ila baba afike kwao. Ratovo alikataa. Walimtupia laana ambazo siziandiki.

Nilimkasirikia. "Ungefumba macho," nilimwambia ofisini. "Yule ni mzee wa watu. Kule kwenye chokaa nani atamjua? Nani atamvika?"

"Na nyumbani kwao wangekesha naye watu wangapi?"

"Ungefumba macho siku moja tu."

"Nikifumba yangu mawili, Ralaivao, kesho wewe utaandika wangapi waliofumba?" Alizipanga kokoto ubaoni lakini hakucheza. Baadaye akasema, "Nami nina mama. Kila jioni ananiuliza leo nimemnyima nani kaburi. Nakula huku ananitazama."

Leo nilimpa mkono. Yeye ndiye aliyesita.

25 Desemba

Mvua kumi na tisa. Noeli. Tulikula wali na nyama ya ng'ombe na mboga. Ratovo alikuja na mama yake, Rafara, mwanamke mfupi, mkali, ambaye hana mtoto mwingine. Majirani waliona Sindano anaingia kwetu, wakafunga madirisha. Rasendra alimkalisha mgeni karibu naye na kumwongezea nyama. "Mwanangu," alimwambia, "nikifa utanichoma taratibu?"

"Mama, wewe nitakuchoma na sindano ya kufumia," Ratovo akajibu, na hata Rafara alicheka.

2 Januari 1928

Mvua hamsini na mbili. Mmoja kazaliwa. Wawili wamekufa, wote tauni.

5 Januari

Mvua arobaini. Watatu, tauni. Nyumba mbili zimechomwa mapaa.

10 Januari

Mvua sitini na sita. Mkono umechoka kuandika neno lile lile.

14 Januari

Mvua ishirini na tisa. Mmoja kazaliwa. Mmoja kafa, tauni.

Rasendra ameamka na homa. Anasema ni baridi ya ghorofani. Amemkataza Bakoly asipande ngazi. "Ukae huko chini na mtoto wako. Kitanda changu kinanitosha."

16 Januari

Sijui nianze wapi. Mvua ilikuwa milimita hamsini na nane. Hiyo najua.

Jana asubuhi Bakoly alipanda kwa mama yake pamoja na katazo. Alikwenda kumbadilisha nguo. Alishuka mara moja, amejishika tumbo, akafunga mlango wa uani kwanza ndipo akasema.

"Ana mtoki."

"Wapi?"

"Unauliza wapi! Kinenani. Mkubwa kama yai."

Juu tulimsikia anakohoa, kikohozi kipya, cha kifuani.

"Tumwite Ratovo," nilisema.

"Umwite Ratovo aje afanye nini? Amtibu? Nani amewahi kutibiwa? Watampeleka kule, atafia kwenye mkeka wa serikali, halafu chokaa. Mama yangu, Ralaivao. Aliyewafumia sanda watu wa mji mzima." Alinishika mikono yote miwili. "Sijawahi kukuomba kitu. Kalamu ni yako. Andika moyo."

Nilimwambia nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilikuwa nimeshamwona Rasendra upande wa kushoto wa mume wake, na nikaona kwamba mahali pale palikuwa mikononi mwangu, mimi mwenye mwandiko mzuri. Nilijiona mtu mwema. Hilo ndilo ninaloliandika leo kwa aibu.

Mchana Ratovo alipita kutaka fanorona. Akasikia kikohozi, akasimama mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mama. Moyo wake. Unamsumbua tangu mwaka juzi, daktari wa huko juu alimwona."

"Hukuniambia."

"Utamwambia kila mtu habari za moyo wa mkweo?"

Alikuwa na barakoa yake mfukoni, ile ya kitambaa. Aliigusa. Nilimwona akiigusa. Kisha akaiacha, akapanda ngazi. Nilimfuata bila kumzuia. Rasendra alikuwa akihangaika kupumua. Ratovo alikaa kitandani, akamwinua kwa mkono mmoja, akamnywesha maji ya ukoko wa wali kwa mkono mwingine. Mama alipokohoa alimkoholea shingoni. Ratovo alimpangusa mdomo na kumwambia, "Pole, mama. Mgonjwa wa moyo hulala ameinuka. Mletee mto mwingine, Ralaivao." Nikaleta mto.

Leo alfajiri amefariki.

Nilifungua ofisi mapema. Mashahidi wangu walikuwa shemeji yangu Rajaona, kaka yake Bakoly, na mjomba wao. Niliandika: *Rasendra, mfumaji, umri miaka sitini na tatu. Moyo.* Sijapata kuandika herufi nzuri kama hizo. Ratovo alikuja na mkoba wake. Alisoma ule mstari, akaniangalia, akaweka kiganja juu ya mkoba.

"Kwa neno lako naiacha sindano," alisema. "Pole sana, ndugu yangu."

Ni mara ya kwanza kuniita ndugu.

18 Januari

Mvua kumi na moja. Tulimvusha Ikopa kwa mtumbwi, tukambeba. Sanda yake ilitosha kasoro vidole viwili miguuni, Bakoly akaziba kwa shuka yake mwenyewe. Kilioni watu walikuwa wengi, waliimba usiku na mchana, na Ratovo aliimba nao, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Watu wa ukoo walimpa nafasi mkekani. Walisema Sindano kumbe ni mtu.

Rasendra yuko kushoto kwa mume wake. Nilidhani nitafurahi.

19 Januari

Mvua sitini na tatu. Ratovo hakuja kazini.

20 Januari

Mvua sabini na nne. Upepo. Sijui waliozaliwa.

Nilikwenda kwake saa nne asubuhi. Rafara alikuwa amekaa kizingitini, amejifunika, hakunipisha. Ndani nilisikia kikohozi kile kile.

"Nani?" Ratovo aliuliza.

"Ralaivao."

"Usiingie. Mama, msogeze. Simama uani, kwenye mvua, nikuone kwa dirisha."

Nilisimama. Alikuwa ameegemea ukuta. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu mazishi na sikumjua uso. Alikuwa amevaa barakoa, na barakoa ilikuwa na damu.

"Ule moyo," alisema, "ulikuwa moyo?"

Mvua ilikuwa inanipiga usoni.

"Nijibu kwa mdomo. Kalamu yako nimeshaiamini mara moja."

"Haukuwa moyo."

Rafara aligeuka akanitazama. Ratovo alifumba macho, nikadhani analia, kumbe anatafuta pumzi.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja. Alikuwa na mtoki. Bakoly aliuona."

"Nami nikamwinua." Alikohoa muda mrefu. "Bakoly mzima?"

"Mzima mpaka leo."

"Haya. Una karatasi? Andika waliokuja kilioni. Wote. Waliomwosha kwanza, kisha waliolala chumba kimoja naye, kisha waimbaji. Usimruke mtu kwa sababu ni shemeji. Peleka kwa daktari sasa hivi, wachanjwe, watengwe. Siku zilizobaki si nyingi."

Niliandika pale pale, mwamvuli nimeubana begani, wino unatiririka. Kila nikisema nimemaliza alinikumbusha mwingine: yule mpiga filimbi, yule mwanamke aliyekuja na binti mdogo. Alikuwa amewatazama wote, kwa mazoea ya kazi. Majina thelathini na nane. La kwanza Bakoly. La thelathini na saba langu. La mwisho alinitajia yeye mwenyewe: "Rafara. Mama yangu. Ameniuguza siku mbili hizi."

"Nisamehe," nilimwambia.

"Mvua inaongezeka. Nenda."

Nilikwenda. Sikuongeza neno, na sasa nina maneno mengi.

21 Januari

Mvua themanini na moja, nyingi kuliko zote msimu huu. Amekufa mmoja.

Askari walikuwa wanazunguka na orodha yangu tangu jana jioni. Mimi niliachwa mpaka adhuhuri nikabidhi ofisi. Bakoly walikuwa wameshamchukua. Rajaona, walipomfunga kamba kwa kuwa aligoma, alinitemea mate. Hakunifikia.

Saa mbili asubuhi Rafara aliingia ofisini. Amelowa, miguu mitupu. Alisimama mbali, kama mwanawe alivyomfundisha, mgongo ukutani.

"Amekwenda," alisema. "Kabla hakujapambazuka. Alitaka kwenda mwenyewe kwa miguu karantini, asubuhi. Hakuifikia."

Niliinuka.

"Kaa. Sikuja kwa pole zako. Fungua daftari." Nikafungua. "Andika Ratovo. Miaka thelathini na moja. Baba yake yuko kwenye kaburi letu, kwenye kilima cha kaskazini. Babu yake yuko pale. Pana nafasi ya wawili, yangu na yake. Andika moyo."

"Mama..."

"Ulimwandikia mkweo. Nilikuona kwa macho yangu ukipita na maiti yake kwa nyimbo. Mwanangu aliimba mpaka sauti ikakauka. Mwandikie na yeye neno hilo hilo. Wino wake si ule ule?"

"Nikiandika moyo watu watakuja kumlilia. Watakaa naye."

"Nani atakuja kumlilia Sindano?" Hapo sauti yake ilikatika. "Mimi tu. Mimi, na wewe ukitaka. Nani atakufa? Mimi? Nife."

Alikuwa na haki kwa kila neno. Kalamu ilikuwa mkononi na neno lile lilikuwa jepesi, herufi nne, nilikuwa nimeshalizoea. Nikakumbuka kiganja cha Ratovo juu ya mkoba. Niliandika: *Ratovo, mwuguzi wa mtaa, umri miaka thelathini na moja. Tauni.*

Hajui kusoma, lakini aliitazama kalamu ilivyokwenda.

"Hilo ni fupi au ni refu kuliko moyo?"

"Ni tauni, mama."

Alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo kwenu ilikuwa huruma, kwetu imekuwa sheria." Alijifunga shuka vizuri. "Watu husema majuto ni mjukuu. Wewe utampata, Bakoly ana tumbo. Mimi mjukuu sina."

Akatoka, akawangoja askari nje, kwenye mvua.

Nilirudi nyuma kurasa chache mpaka tarehe kumi na sita. Nilipiga mstari kwenye neno moyo, nikaandika juu yake tauni, nikatia sahihi. Pale palipokuwa na mwandiko wangu mzuri kuliko yote sasa pana doa.

1 Februari, karantini

Hapa sipimi mvua. Inanyesha tu. Amezaliwa mmoja.

Ni mwanangu, wa kiume. Wanaume na wanawake tumetenganishwa kwa ua wa matete, nikamsikia kabla sijamwona. Mkunga wa karantini ni mgeni kwetu. Yule wetu alikuwa miongoni mwa waliomwosha Rasendra; amefariki juzi, naye yule mpiga filimbi. Wengine wote wazima. Daktari alisema orodha ndiyo iliyowaokoa, akanisifu kwa kuandika upesi. Sikuweza kumtazama.

Bakoly alizungumza nami kupitia ule ua.

"Ana masikio yako."

"Wewe u mzima?"

"Mzima. Ralaivao, usijibebe peke yako. Mimi niliomba. Wewe uliandika."

"Ungeweza kuniomba chochote."

"Ndiyo. Na ungeweza kukataa. Nimekaa hapa zaidi ya siku kumi nikitamani ungekataa, na najua ungekataa nisingekusamehe maisha yangu yote."

Nilimwambia nataka mtoto aitwe Ratovo. Akasema nimwombe ruhusa mama yake kwanza.

3 Februari

Nilimtumia Rafara ujumbe kwa mkunga. Jibu lilirudi: "Jina la mwanangu aliache lilipo."

Tumemwandika mtoto Panya. Bakoly ndiye aliyechagua. Anasema asitamaniwe na kitu chochote.

20 Februari

Mvua thelathini na tatu. Tumerudi nyumbani. Paa la nyumba yetu lilichomwa, tunakaa kwenye chumba cha ofisi.

Mkuu aliusoma ule mstari uliokatwa, akasoma tena, akafunga daftari. Nilingoja pingu. Alisema serikali haiwezi kukiri kwamba karani wake aliandika uongo, kwa hiyo mstari ule ni kosa la wino. Vifo vitaandikwa na mwingine tangu sasa. Mimi nimebakiziwa mvua na watoto. Ningependa angenifunga.

14 Machi

Mvua ishirini. Wamezaliwa wawili.

Kaburi la ukoo wa Bakoly limezibwa kwa saruji kwa amri. Rajaona alikwenda kutazama mafundi wakiziba. Wafu wao wote, kuanzia babu wa babu, hawatatolewa tena wala kuvikwa, labda wajukuu wa Panya waje waruhusiwe. Sanda zao zitachakaa. Rajaona alituma mtu aniambie: "Ulimpatia mama yetu nafasi, ukawafungia wote mlango." Bakoly alisikia, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

2 Aprili

Mvua mbili. Mmoja.

9 Aprili

Mvua hakuna. Ubao wa fanorona ulikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulichomwa na nguo zake. Nimejikuta naokota kokoto uani, nyeusi na nyeupe, nikazitupa.

22 Aprili

Mvua hakuna. Nadhani zimekwisha.

Jumapili. Asubuhi Rafara alisimama mlangoni kwetu. Hatukuwa tumeonana tangu karantini. Amekonda. Bakoly alimletea kiti, hakukaa. Alimtazama Panya kwa muda, hakumgusa.

"Wameruhusu watu kufika kule kwenye chokaa," aliniambia. "Nimekwenda mara mbili. Vigingi vyote ni namba. Namba yake walinitajia, sitini na moja, lakini sijui inakaaje. Nataka mtu anayesoma."

"Twende, mama."

"Usiniite mama. Twende."

Tulipanda kilima. Uwanja ni mweupe, haujaota hata jani. Nilipita safu kwa safu mpaka nikakipata. Udongo ulikuwa umekirukia.

"Hiki hapa. Sitini na moja."

Hakusogea. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Futa udongo usome tena."

Nilichuchumaa, nikafuta kwa kidole, nikasoma tena. Sita, na moja.

"Cha kulia kwake kinasemaje?"

"Sitini na mbili."

"Na cha kushoto?"

"Sitini."

Alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya shuka. Akanipeleka mwanzo wa safu ya kwanza, akanisomesha vigingi vyote kimoja kimoja, yeye anahesabu nyuma yangu, mpaka tukafika tena pale pale. Idadi zetu zilikutana.

"Basi ndiye," alisema.

Akatandika shuka yake juu ya chokaa, akakaa, akaweka kiganja kwenye kile kigingi. Mimi nilibaki nimesimama pembeni. Jua lilikuwa kali. Baada ya muda mrefu, bila kunitazama, alinisogezea ncha ya shuka nikae.